Siku Saba za Plazima Safi

Kule Kabambare nilipanga chumba uani kwa mama mmoja mzee na mume wake. Kila asubuhi walichemsha majani ya artemisia, ile chai chungu ya kuzuia malaria, na kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Nilikunywa nimekunja uso, wao wakinicheka. Kwetu ni Kasongo, na sikuwa na mtu mwingine pale.

Kazi yangu ilikuwa kuwatoa damu wanywaji wa chai hiyo. Niliizungusha kwenye mashine ndogo, chembe nyekundu zikashuka chini, juu ikabaki plazima ya njano. Plazima ilikwenda kwa pikipiki hadi Kasongo ndani ya kisanduku cha barafu, kisha kwa ndege hadi maabara. Huko mashine kubwa huisukuma kwenye mrija mwembamba na kutenganisha vilivyomo. Dawa ya majani ikiwemo, mstari kwenye karatasi hupanda kama kilima, na ukubwa wa kilima ndio kipimo.

Lakini mashine hutaka kwanza plazima isiyo na dawa, ya kulinganishia. Mkubwa wangu wa kule maabara akanipigia simu: nani huko hanywi chai hiyo? Sikumjua hata mmoja. Basi toa yako, akasema, acha kuinywa kwa muda. Mimi nikiambiwa acha, naacha hadi sufuria. Nikajipangia siku saba bila kugusa kitu cha jiko la mtu yeyote. Nilikula biskuti chumbani, mlango nimeurudisha.

Siku ya tano mume wa mama akafa.

Matangani kila anayefika hupewa kikombe cha chai ile, na kukikataa ni kusema nyumba ina sumu. Changu alikileta mama mwenyewe, macho yamemvimba.

"Kunywa, mutoto wangu."

Nikaanza kueleza: mashine, plazima, siku mbili zilizobaki. Watu mkekani wakageuka kunitazama. Niliona aibu kujisikia, lakini mkono sikuunyoosha.

"Kumbe damu yako iko safi kupita yetu," akasema, akampa mwingine kikombe.

Siku ya saba nilijifunga mpira mkononi kwa meno, nikajitoa damu peke yangu. Tangu hapo hakuna aliyeniita asubuhi.

Baada ya majuma kadhaa mkubwa wangu akanipigia kunisifu. Penye kilima kwa wengine, kwangu mstari ulikuwa umenyooka kabisa. Nikamwambia nilikaa siku saba. Akacheka sana.

"Saba za nini? Ile dawa haikai damuni. Siku mbili zingetosha."

Siku mbili. Ndizo zilizokuwa zimebaki pale matangani. Ningekunywa, na mstari ungenyooka vilevile.

Nilivuka ua, nikamwomba mama kikombe cha chai. Alinikaribisha vizuri, akanifutia kiti, akaingia ndani. Alirudi na chupa ya maji ya dukani, kifuniko hakijafunguliwa.

"Kunywa, Dokta," akasema. "Hii, hakuna mutu wa hapa ameigusa."