Mke Wangu Dirishani, Kompyuta Sebuleni

Mdogo wangu, fundi wa vitu vya umeme Mbeya mjini, alinipigia simu kwamba ametuma kompyuta kwa konda wa Kosta. Nikaenda kuipokea stendi Tukuyu na gunia, kamba, na bodaboda mwenye keria kubwa. Konda akanipa bahasha.

"Kompyuta iko wapi?"

"Si hiyo, braza."

Ndani kulikuwa na kibao cha kijani, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, kina matundu pembeni. Bodaboda alicheka mpaka akasahau kupiga kiki. Tukarudi Kisondela na gunia langu tupu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, migomba inatokea na kupotea, kama watu wanaokuja kukusalimia halafu wanaghairi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mke wangu. Mimi na shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani, kila mtu akaenda zake. Yeye alimaliza kidato cha nne, na kabla sijamwoa alisoma kompyuta miezi michache pale mjini. Sasa kiwanda cha chai kilikuwa kinatafuta karani, na Jumatatu mchana alitakiwa aende akaandike mbele yao, waone kasi yake. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika jembe na mwiko miaka yote hiyo.

"Nisipopata pa kujaribia," aliniambia, "nitakaa pale kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele."

Shida ni kwamba kale kakompyuta hakana kioo, kanataka televisheni. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia kwa baba yangu, juu kidogo ya kwetu, naye parachichi zilikuwa zimempa televisheni bapa. Na mke wangu haingii alipo baba. Siku hizi wengi wameacha mambo hayo, mkwe na mkwe wanagombania paja la kuku. Yeye kalelewa na bibi yake kijijini Lupepo, na kwa bibi yule baba mkwe haonwi. Akimwona baba kwa mbali njiani, anaingia migombani, tope lisiwe tope. Baba naye wa zamani hivyohivyo, anageukia upande wa pili kama kuna kitu cha maana huko. Wanaheshimiana sana watu wale. Sidhani kama wanajuana sura.

Jumamosi alasiri baba alikuwa kitini kwake anasubiri mpira, timu yake inacheza saa kumi. Hakuonyesha dalili ya kuondoka. Basi mke wangu akasimama nje, pembeni ya dirisha, kanga kichwani, na mvua ile ya kwetu isiyo na haraka. Mimi ndani. Nikachomeka kadi ndogo na waya wa televisheni vilivyokuja kwenye bahasha, kibodi ya kuazima, mwisho chaja ya simu. Taa nyekundu ikawaka. Kioo cheusi.

"Imewaka?" ukungu ukauliza.

"Taa imewaka. Televisheni imelala."

"Tumia rimoti, chagua ule waya uliochomeka."

Rimoti ilikuwa mkononi kwa baba. Akanipa bila kugeuka. "Mwambie huyo anayesema huko nje, betri zimechoka. Ibonyezwe kwa nguvu."

"Mwambie ndaga, asante sana," dirisha likajibu.

Hatua mbili zilikuwa zinawatenganisha, na mimi katikati kama mnara wa simu.

Mara maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari juu ya mstari, kama siafu waliobatizwa. Nikawa kama naota macho wazi. Niliona nyumba nzima inapanda nayo, kiti cha baba, vitambaa vya makochi, kuku aliyejificha mvua mlangoni, vyote vinaelea juu ya ukungu, mlima Rungwe uko chini yetu, na dereva wetu kasimama nje analowa.

Yakasimama. Ikataka jina. Mdogo wangu alikuwa ameliandika juu ya bahasha, nikalinakili, likaonekana. Ikataka neno la siri. Nikaandika, hakuna kitu. Nikabonyeza kama napigilia msumari. Hakuna.

"Kibodi imekufa!"

"Haijafa, jamani wewe! Neno la siri halijionyeshi. Andika tu. Inasikia, ila haitoi uso."

Tumbo la baba likaanza kutikisika. "Kumbe na yenyewe ina mkwe humu ndani."

Nje nikasikia mke wangu anakiziba kicheko kwa kanga. Sikuwahi kuwasikia wakicheka jambo moja.

Nikaandika kama kipofu, nikakosea, nikarudia. Ghafla kioo kikajaa rangi, na kishale kidogo kikakaa katikati kinasubiri mtu. Mtu huyo hakuwa mimi.

"Imefunguka," nikasema.

"Basi izime," akajibu taratibu. "Angalau tumejua inafanya kazi."

Baba akatazama saa ya ukutani. Akatafuta sweta lake, akalivaa, akakohoa kwa nguvu.

"Mimi natoka mlango wa mbele," akaitangazia televisheni. "Kesho baada ya ibada nitatoka tena. Na Jumatatu asubuhi, mpaka mtu aende kiwandani. Mlango wa nyuma haujafungwa."

Tukaenda kukaa banda la ng'ombe, mimi na yeye, juu ya madebe. Kutoka sebuleni ikaja: tak. Kimya kirefu. Tak, tak.

"Polepole hivyo?" baba akanong'ona.

"Ndiyo anaanza, baba."

Tukasikiliza. Ukungu uliingia bandani, ng'ombe akawa sauti ya kutafuna tu. Kidogokidogo ile tak ikapata wenzake, zikawa zinafuatana kama mvua inayohamia kwenye bati. Kule bondeni, kwa jirani mwenye televisheni, watu wakapiga yowe. Goli. Baba hata hakuuliza la nani.

"Nikamwambie apumzike, uone kipindi cha pili?"

"Kaa hapo," akasema, meno yanagongana kwa baridi. "Akiacha sasa hivi, vidole vitapoa."