Karata Nne za Bi Hadija

Wilbrod alikuja Kibiti mwaka wa mvua za Elinino, fundi mitambo wa kampuni ya barabara. Kabla ya hapo alikuwa mgodini, upande wa Kahama, ambako wageni walimfundisha poka ya karata mbili: mbili za siri mkononi, tano za wote mezani. Kwa miaka sita aliwafunga walimu wake hao mpaka wakachoka kucheza naye. Mwenyewe aliamini kwamba hakuna kilichobaki cha kujifunza.

Mvua ikazamisha magreda kwenye tope na kazi ikasimama. Mchana mmoja jikoni, Wilbrod akawa anachanga karata peke yake huku mpishi wa kambi akichambua mchele. Huyo alikuwa Bi Hadija, mjane wa visiwani kwenye delta, mtu wa maneno machache. Akamwuliza kama anaijua ile ya karata nne. Marehemu mumewe alikuwa baharia, aliitoa melini. Alipopooza miguu, walicheza wawili kitandani kwake kila siku kwa miaka miwili, mpaka Mungu akamchukua. Tangu siku hiyo hakuwa amegusa karata.

Wilbrod akasema ya nne haiwezi kuwa mbali na ya mbili. Bi Hadija akanawa mikono, akaleta bakuli la korosho mbichi za kuwekea dau. Kamari hachezi, alisema. Wakimaliza, korosho zitakaangwa na kuliwa na kambi nzima. Na dau lisizidi kile kilichopo katikati.

Mkono wa kwanza, kopa nne zikalala mezani. Wilbrod alikuwa na ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote, ya kukamilisha kopa tano. Akaongeza dau kila alipopata nafasi, kisha akafunua karata zake akitabasamu.

"Fundi, kopa mkononi unazo ngapi?" Bi Hadija akauliza.

"Moja. Lakini ni ree."

"Basi kopa huna. Hapa unatoa mbili za mkononi na tatu za mezani. Si zaidi, si pungufu."

Yeye mkononi alikuwa na kopa mbili: ya tatu na ya sita. Akavuta korosho zote.

Wiki ile Wilbrod alifungwa mpaka akaacha kuhesabu. Jozi zilizompa ushindi mgodini hapa zilikufa kama mbu. Mwishowe akamwomba amwonyeshe anachokiona. Bi Hadija akalaza karata nne mbele yake, akaziunganisha mbilimbili kwa kidole: hii na hii, hii na ile, mpaka jozi sita.

"Umezoea kushika mkono mmoja," alisema. "Hapa umeshika sita. Na mimi nimeshika sita."

Wilbrod akazitazama zile karata kwa muda mrefu. Mwili ulimsisimka, kama siku ile utotoni alipofunuliwa injini kwa mara ya kwanza na kuona vyuma vyote vinavyozunguka ndani. Alichokitafuta kwa kidole, mama huyu alikiona kwa kutupa jicho mara moja, na wali wake haukuungua hata siku moja.

Mwezi wa pili wa kucheza, akashika ree mbili, na ya tatu ikaangukia mezani. Zikafuata tisa, nane, na saba. Bi Hadija akasukuma dau sawa na fungu zima. Mgodini, kwa ree tatu, Wilbrod asingefikiri mara mbili. Sasa aliitazama ile tisa, nane na saba, akahesabu zile jozi ambazo mwenzake angeweza kuwa nazo, akaweka karata zake chini kifudifudi.

Bi Hadija akamfunulia karata mbili, ya kumi na ya sita. Mstari wa sita hadi kumi ulikuwa umekamilika, nao hushinda ree tatu.

"Sasa ndiyo umeanza kucheza, mwanangu."

Wilbrod anasema hakuna mkono alioushinda uliompa furaha kama ule aliouacha.

Barabara ilipokauka kambi ikahamia kusini. Yeye akaomba kuacha kazi, akafungua gereji hapo Kibiti. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri huenda kwa Bi Hadija na mfuko wa korosho. Amemfunga mara tisa tu, na ukimpa nafasi atakusimulia zote tisa, karata kwa karata.