Mchele wa Fidia na Saumu Juu Yake

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi Bagamoyo kukaa kwa mama mdogo na wajukuu wake. Mama mdogo alikuwa anaugua kisukari. Hospitalini walimpa vidonge na karatasi: apunguze mkate na siagi, atembee barabarani kila asubuhi. Siagi aliiona dukani tu. "Na huko barabarani wakiniuliza naenda wapi, nijibu natembeza sukari?" akasema. Nikaiandika upya karatasi ile kwa vyakula vyetu, tambi, kaimati, chai ya futari. Nilifuta, nikaandika tena, nikakosa usingizi.

Ramadhani ilipokaribia, daktari akamkataza kufunga. Nilihofu neno la daktari halitamtosha, nikamwendea mwalimu wa madrasa. Akasema mgonjwa wa namna hiyo hafungi. Kwa kila siku hutoa fidia, kibaba cha mchele kwa maskini. Mama mdogo akakubali bila ubishi. Kila asubuhi mchele ulikwenda kwa jirani mjane, nami nikatulia.

Kumbe alikuwa anafunga. Nilijua siku alipoanguka jikoni akipika futari, jasho likimtoka, mikono ikitetemeka. Vidonge alikuwa akivimeza wakati wa daku, kisha anashinda na njaa. Nilimnywesha maji ya sukari, na alipopata kauli nikamuuliza kwa nini.

"Mchele nimetoa, saumu nimefunga. Nani ananidai?"

Nikamweleza tena yote, sauti ikinipanda. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na nile wapi, mwanangu? Wajukuu wamefunga, mimi nionekane natafuna?"

Katika karatasi zangu zote, hilo sikuliandika.

Siku chache baadaye nikaingia katika siku zangu. Kwetu mwanamke wa hali hiyo hafungi, lakini pia hali chakula mbele za watu. Adhuhuri nikajificha stoo na bakuli la kunde na muhogo. Mama mdogo akaingia, akarudisha mlango.

"Mtoto wa kike hali peke yake kama mwizi," akasema, akanawa.

Akala. Daktari, mwalimu na mimi tulishindwa, kunde zikaweza. Nilikasirika huku nikimsogezea bakuli. Halafu nikaanza kuwaza: siku zangu zingekwisha, na Ramadhani ilikuwa bado changa. Nikamwambia hata nitakaporudi kufunga, nitakaa naye humu kila adhuhuri.

"Unitazame nikila? Utanikata hamu." Akalamba vidole. "Kesho kunde uzitie chumvi."

Sikujua kama hiyo ni ahadi. Niliziloweka jioni ileile.