Unga Usioanguka

Juzi redioni mtaalamu mmoja alikuwa anajisifu kwamba siku hizi wanatengeneza vitu vidogo mno, vumbi la kawaida mbele yake ni mawe, vya kutia kwenye dawa, kwenye rangi na kwenye mafuta ya kujipaka. Mtangazaji akamuuliza, je, vikiingia mwilini vinatoka? Mtaalamu akasema hilo bado linachunguzwa. Nilicheka mpaka nikakohoa, na mimi nikianza kukohoa siachi upesi. Bado linachunguzwa! Wangeniita mimi. Darasa la nne sikumaliza, ila vitu vidogo nimevitengeneza kwa mchi, na majibu ninayo kifuani.

Nianzie Usevya, nilikoolewa. Pale nyumbani mke mpya hakupimwa sura. Alipewa kinu na mihogo mikavu, anatwanga, anachekecha, halafu mama mkwe anachota unga kidogo kwa vidole, anasimama mlangoni panapoingia jua, anaurusha juu. Ukianguka kama mchanga, umeolewa lakini bado hujafika. Ukibaki unaelea kwenye mwanga, hautaki kushuka, vigelegele. Wangu ulianguka. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ameegemea nguzo anatafuna muwa. Akasema, "Kaka katuletea fundi wa kokoto."

Nilimchukia, kisha nikampenda, maana ndiye aliyenifundisha. Mchi usiupige, aliniambia, uachie uanguke wenyewe kama mtu aliyechoka.

Miaka ile ya tisini mvua iligoma, mpunga ukatufia shambani. Mume wangu akatuchukua mimi na wifi machimboni, nje ya Mpanda. Wanaume waliingia mashimoni kutafuta mawe ya dhahabu, wanawake tukapewa mawe hayo tuyatwange. Kinu kilikuwa bomba nene la chuma, mchi ni ekseli ya gari. Unatwanga jiwe mpaka liwe unga, unauchekecha kwa kitambaa chepesi, ndipo wenzako wanauosha wapate dhahabu. Unga ukiwa laini zaidi, dhahabu inatoka zaidi.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga ambao watu wengine wasingeuwaza: tukaupima unga wa mawe kwa kipimo cha mama mkwe. Wifi alichota, akarusha juu penye jua. Ukaelea.

"Wifi, tazama! Unakataa kushuka!"

Tukapiga vigelegele. Msimamizi akaona, akapenda, akaifanya sheria: unga unaoanguka urudi kinuni. Hakuna aliyeuliza, usipoanguka unakwenda wapi. Na sisi tulikuwa tumesimama palepale, midomo wazi, tunaimba.

Jioni tulikuwa weupe, nywele mpaka kope. Wifi aliokota fimbo, akainama, akamwendea kaka yake. "Hujambo, mjukuu wangu?" Mume wangu naye, "Shikamoo, bibi." Kambi nzima ilivunjika mbavu. Haukupita mwaka, wifi akawa anainama bila kuigiza.

Alipoanza kukohoa, alinyunyiza maji kinuni. Msimamizi akaja mbio.

"Nyie mnatwanga au mnapika uji?"

"Kaka, koo linawaka."

"Ukilowa haupiti kwenye kitambaa. Mwaga, anza upya."

Waliotufikisha hapo sitawataja kwa majina, wana watoto. Nitawataja kwa kazi zao. Wa kwanza ni huyo msimamizi. Wa pili ni tajiri mwenye shimo, aliyekuwa na duka mtaa wa Kashaulili, mjini Mpanda. Alikuja kututazama akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na joto lile! Wifi akaenda kugonga kioo. Tajiri akakishusha kidogo, pua tu ikaonekana.

"Shikamoo, tajiri. Mbona umejifungia kama yai?"

"Vumbi hilo, binti. Litaniharibia kifua."

Kasema mwenyewe kwa kinywa chake. Wifi akatugeukia. "Jamani, kumbe tajiri ana kifua!"

Tulicheka, na tajiri akacheka, akapandisha kioo.

Baadaye akaleta maziwa, eti yanaosha vumbi. Alikuja na bwana afya, huyo ndiye wa tatu, aliyetuangalia kwa mbali, akayasifu maziwa, akala nyama ya mbuzi, akaondoka. Nikamwambia wifi, "Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kifuani."

"Ni majirani hao," akasema huku anakunywa, "wataambiana."

Mimi nilipata mimba, harufu ya mawe ikawa inanitapisha, mume wangu akanirudisha Usevya. Hiyo ndiyo bahati yangu yote. Wifi alibaki kinuni mpaka alipoposwa na kijana wa kijiji cha jirani. Alirudi nyumbani amekonda, anacheka, na siku ya kumpeleka kwa mumewe ilipokaribia akanivuta pembeni.

"Wifi, wataniletea kinu. Mimi nikiinua mchi, pumzi inabaki chini. Watanirudisha."

Nilimsindikiza mimi. Kinu kikaletwa, mihogo ikamwagwa. Akatwanga kidogo, akaegemea mchi, nikaona shingo inavyohangaika. Kisha akainua kichwa kwa maringo. "Mama zangu, kwetu bi harusi anatwanga kwa mdomo, wifi yake ndiye anatwanga kwa mikono!"

Wakaangua kicheko, nami nikaudaka mchi. Nikatwanga. Kila nilipokohoa alipiga makofi kwa nguvu, watu wakadhani ndiyo ngoma yetu.

Mama mkwe wake akachota, akasimama mlangoni, akarusha. Unga ukaelea kwenye jua, mzuri, unang'aa. Vigelegele! Wifi peke yake hakupiga. Alirudi nyuma, akajifunika pua kwa kanga.

"Mama," akasema, "huo ni mzuri sana. Ila mimi nitawapikia ugali wa unga unaoanguka."

Yule mama alimtazama, akanitazama na mimi niliyekuwa nahema ukutani. Akachovya vidole kwenye maji, akaunyunyizia unga wote uliokuwa kwenye ungo. "Basi uanguke, mwanangu. Karibu kwako."

Hakurudishwa. Mama mkwe wake ndiye aliyemtwangia, unga wa chengachenga, mpaka mtoto wake wa kwanza alipoanza kutambaa. Hapo pumzi ya wifi ikaisha.

Duka la Kashaulili limepakwa rangi mpya. Nikienda Mpanda napita makusudi. Tajiri amezeeka, anakaa kibarazani, shati wazi, anapunga upepo.

"Shikamoo, tajiri. Kifua hakijambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hakijambo kabisa."