Mkanda Ulionitoa Nyumbani

Kaka yangu alinipa figo yake nikiwa na miaka arobaini na mbili. Mtaa mzima hapa Bagamoyo ulijua. Watu walikuja kunipa pole, walinisomea dua, wakamsifu kaka yangu mpaka akaona haya. Lakini mkanda wa jeshi uliponitoka, watu wale wale waliamua kuamini jambo jingine.

Aliyepandikizwa figo humeza vidonge maisha yake yote. Vidonge hivyo huishusha kinga ya mwili makusudi, ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Daktari wa kliniki yangu, Dar es Salaam, alinieleza hayo vizuri. Nikamuuliza habari za mkanda, maana shangazi yangu ulimtesa mpaka akawa hawezi kuvaa nguo.

"Mkanda hauna chanjo, daktari?"

"Wewe huruhusiwi," alisema huku akiandika. "Ina kirusi hai. Itakudhuru."

Nikashukuru, nikatoka.

Mwaka wa pili, ubavu wangu wa kushoto ukaanza kuwaka kama mtu ananipitishia pasi ya mkaa chini ya ziwa. Baada ya siku chache yakatoka malengelenge, mstari mmoja kutoka mgongoni hadi kifuani. Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, aliyaona nilipokuwa nikijifunga kanga uani. Akamwita mwanawe pembeni, lakini sauti hakuishusha.

"Mkanda huo tunajua unawatoka watu gani. Mkeo amekanyaga waya."

Nilipowekewa figo, mume wangu ndiye aliyekaa kitandani kwangu hospitali, akinilisha uji kwa kijiko. Lakini jioni ile ya maneno ya mama yake, alibeba godoro akahamia sebuleni. Akanitaka nikapime virusi vya Ukimwi. Nikapima, sina. Naye akaenda kupima Kerege, ambako hajulikani, hana. Nilidhani yamekwisha, atarudi chumbani. Hakurudi. "Upone kwanza," aliniambia. Sahani yangu na kikombe changu vikawa vinawekwa kando, juu ya kigoda, mbali na vya wenzangu.

Kazi yangu ni ushonaji. Wakati huo nilikuwa na nguo za harusi za binti wa jirani, nimeshazikata, bado kuunga. Asubuhi moja mama wa bibi harusi akaja, akasimama chini ya baraza, hakupanda.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Marahaba. Sikai, fundi. Nimefuata kile kitambaa."

"Nimeshakikata, dada. Wiki hii namaliza."

"Nipe hivyo hivyo."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu. Mungu akuponye."

Nikampa. Aliupokea mfuko kwa ncha za vidole. Baada yake wakaja wengine, na baadhi yao hawakuja wenyewe, walituma watu. Cherehani ikakaa kimya, nami nikarudi nyumbani kwa marehemu baba yangu, mji mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo, kabla ya kuambiwa niondoke.

Kliniki nikamkuta daktari mwingine, mwanamke kijana. Alinieleza kwamba kirusi ni kile kile cha tetekuwanga niliyougua utotoni. Kilikuwa kimelala kwenye mishipa ya fahamu, na kinga iliposhuka kikaamka. Hakikuwa na uhusiano na uaminifu wangu kwa mume wangu. Halafu akauliza:

"Kwani hukuchanjwa, mama?"

"Niliambiwa itanidhuru."

"Ile yenye kirusi hai, kweli hampewi. Lakini ipo nyingine, haina kirusi hai. Hiyo watu wenye kinga dhaifu kama wewe wanachomwa."

"Mbona sikuambiwa?"

Alisema tu kwamba haipatikani kirahisi, lazima iagizwe, na kwamba hata aliyekwisha kuugua anachanjwa akipona, usije ukamrudia.

Kaka yangu akaihangaikia mpaka ikaletwa. Nilichomwa sindano mbili, zikapishana miezi miwili. Mkono ulivimba, nikapata homa kidogo, basi. Lakini chanjo haiondoi maumivu yaliyokwisha kubaki kwenye mishipa. Mpaka leo kanga ikinigusa ubavuni nashtuka kama nimemwagiwa maji ya moto.

Siku ya sindano ya pili nilikutana na yule daktari wa kwanza ukumbini. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Siku zile haikuwepo hapa nchini, mama," alisema.

"Lakini ilikuwepo duniani. Nina ndugu Maskati, ningewauliza. Ungeniambia tu kwamba ipo."

"Nina wagonjwa wananisubiri."

Akaenda zake. Sijui nilitarajia nini. Pengine neno pole.

Wateja wamerudi kidogo kidogo. Mama wa bibi harusi naye alirudi, na kitambaa cha binti yake mdogo, akiongea kama hakuna kilichotokea. Nilikipokea, kwa sababu nahitaji kula.

Mume wangu hakunipa talaka wala hakunifuata. Mwezi uliopita ndipo alipopiga hodi. Akakaa, akasifu chai, akauliza hali ya kaka yangu. Kumbe rafiki yake umemtoka mkanda, analia kama mtoto.

"Sasa nikawa nawaza," alisema, "hiyo chanjo yenu, na mtu mzima kama mimi anaweza kupata?"

Nikamtazama nikingoja aendelee, labda ana jingine la kusema. Hakuwa nalo.

"Kaulize hospitali," nikamwambia, nikaondoa vikombe.