Mtoto Aliyelia Nje ya Ghala

Walisema sitaweza, mwanangu. Niliporudi Kasulu kutoka Morogoro na stashahada yangu ya kilimo, watu waliomfahamu baba yangu, muuza chumvi wa Mabamba, walicheka waziwazi. "Diploma haibebi gunia," walisema. Basi mimi, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho, nilikopa hapa na pale nikafungua ghala la maharage. Miaka ile ya tisini hapakuwa na maharage safi kama yangu, kuanzia Titye hadi Kibondo mjini. Waulize waliokuwepo.

Usafi huo ulitoka mikononi mwa akina mama. Waliketi juu ya turubai wakipepeta kwa ungo na kutoa mawe. Nami niliweka utaratibu: lango likifungwa asubuhi, hatoki mtu wala haingii mtu mpaka kengele ya mchana.

Kati yao alikuwepo Skolastika, mchambuzi hodari kuliko wote. Mtoto wake mchanga alimwacha na bibi yake, jirani tu na ghala. Mtoto alikataa uji, akakataa na maziwa ya ng'ombe, akawa anakonda. Lakini mama hakuthubutu kuomba ruhusa, kwa kuwa mumewe alikuwa mgonjwa na kibarua kile ndicho kilicholisha nyumba.

Ndipo siku moja, nakumbuka lori lilikuwa linasubiri kupakia, mama yangu mzazi akaja kunitembelea. Langoni alimkuta yule bibi na mtoto aliyelia mpaka sauti imekauka. Mlinzi alikuwa akisema, "Bibi, mimi nimeagizwa. Bosi kasema mpaka kengele."

"Bosi gani? Huyu niliyemtawaza mimi akiwa mchanga?" mama akamjibu. Akamchukua mtoto, akapita.

Aliingia ofisini nikiwa na dereva wa lori. Akaketi kwenye kiti changu, akafungua blauzi, akampa mtoto titi lake lililokauka zamani. Kwetu bibi hufanya hivyo kumtuliza mjukuu, mama yake akiwa shambani. Lakini hufanya nyumbani, si mbele ya wanaume wageni. Dereva aligeukia ukutani.

"Mama, mbele ya watu?" nikamuuliza.

"Na aibu ni yangu?" alisema taratibu. "Mimi sina kitu humu, namdanganya tu. Mwenye maziwa yuko pale kwenye maharage, na wewe umemfungia."

Nilichungulia dirishani. Kanga ya Skolastika ilikuwa imelowa maziwa kifuani kote, machozi yanamdondoka, na mikono haijaacha kuchambua. Mwanangu, asubuhi ile nilikuwa nimempita nikienda na kurudi, nikitazama maharage tu.

"Nilikunyonyesha nikiwa kibarua Rungwe Mpya," mama akaendelea. "Mwenye shamba alipokusikia unalia, aliniambia: weka jembe chini, jembe halilii. Mwana wanje, mwanangu, hiyo diploma yako ilianzia hapo."

"Bosi, muite huyo dada," dereva akasema, bado kaelekea ukutani. "Lori halina njaa."

Nilimwita. Mtoto alinyonya kwa pupa.

Wiki ile nilitoa magunia kwenye chumba cha pembeni, nikaweka mkeka, pazia na maji ya kunawa. Kila mwenye mtoto akatoka na kurudi bila kuomba. Wafanyabiashara wenzangu walinitania kwamba nimefungua kliniki, lakini wachambuzi wao hodari walihamia kwangu, na halikupungua hata gunia moja.

Bandu bandu huisha gogo. Siku nilipomlipa mkopeshaji wa mwisho, nilikwenda kumtambia mama.

"Nimewalipa wote."

"Na yule wa Rungwe Mpya?"

"Mama, si alishafariki?"

"Basi mlipe kwenye lango lako."

Nalipa mpaka leo. Nawe ukipewa watu wa kuwaongoza, mwanangu, kabla hujafunga lango uliza nani ameachwa nje analia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na asiyeujua hazuiwi kuuliza. Mpe mama nafasi, saa na sitara, wala usimkate ujira. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na asikosekane mtoto wa kushiba kivulini kwako.