Watu Arobaini Nje ya Wodi

Kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini na sita, mtu wa kwanza kujua kwamba mwaka unaisha ni mpiga pasi. Vyumba vinajaa, wageni wanakuja na watoto, watoto wanamwaga vitu vitandani, na shuka zinaletwa kwa vikapu badala ya mafungu. Mwaka huo zilirundikana mpaka zikaziba dirisha la chumba cha pasi.

Mpiga pasi alikuwa mama wa watoto watatu, mjane wa mwaka wa nne, mwanamke wa makamo ambaye shule aliishia ya msingi lakini wasiwasi aliusomea mpaka chuo kikuu. Mtoto akichelewa dakika kumi, yeye keshaiona ajali, keshaongea na daktari, keshachagua na kanga ya kwenda nayo hospitali. Jioni akitoka kazini hufika getini, husimama, hurudi ndani kuhakikisha amechomoa pasi. Mlinzi alishaacha kumuuliza. Alimfungulia geti nusu tu, akijua atarudi.

Lakini mama huyohuyo alikuwa na maisha mengine, na hayo aliyaishi kwa mdomo. Juu ya rafu, kati ya chupa ya dawa ya madoa na mkebe wa vifungo, aliegemeza simu yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akawa anapiga pasi huku anasimulia. Foronya moja, sentensi moja. Shuka ya kitanda kikubwa, tukio zima. Hadithi yake iliitwa Mke wa Dereva. Ilikuwa imefika sehemu ya arobaini na tatu ya mwaka wake wa tatu, na ilitoka kila Ijumaa kwenye ukurasa wa mtandaoni ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufungua. Wasomaji walimwita Mama Pasi.

Aliyeufungua ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, mchapaji kwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala, barabara ya pili. Kila Jumatano mpiga pasi alimtumia sauti. Wifi alichomeka waya za masikioni, akachapa, akaondoa vikohozi na ile "ngoja kidogo, mlango unagongwa", na Ijumaa akaiweka ukurasani. Alipenda kusema kwamba yeye ni mke mwenza wa hadithi hiyo: kazi wanagawana, sifa anachukua bi mkubwa peke yake. Mpiga pasi alimjibu kwamba kama ni ukewenza, basi aje na zamu ya kupiga pasi aichukue.

Watoto wake walimshangaa. Mtu anayekagua pasi mara tatu, inakuwaje hasomi kazi yake mwenyewe? Yeye alisema ndiyo sababu yenyewe. Angeisoma angeona mkunjo, angeunyoosha, pangetokea mwingine, na hadithi isingetoka chumbani mpaka leo. Kwa hiyo katika maisha yake yote alifumba macho mahali hapo tu, akamwachia wifi.

Wasomaji sitini na watatu walikuwa wakimchangia kidogo kidogo, nao walijiita walezi wa hadithi. Kidogo chao ndicho kilichomvisha mtoto wa mwisho miwani, akaacha kusogelea ubao kama anayeunusa. Kila mwisho wa mwaka hadithi ilipumzika wiki mbili, na mahali pake zikawekwa salamu za kuwashukuru. Miaka miwili mfululizo salamu hizo ziliandikwa na wifi. Mwaka huu alikataa.

"Andika mwenyewe," alisema, foleni ya watu wenye vyeti vya kutolewa nakala ikiwa imefika mlangoni. "Shukrani nazo unataka kuniagiza kama sukari?" Akamchorea kwenye karatasi namna ya kuingia ukurasani, hatua kwa hatua, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Basi Alhamisi mchana, wenzake walipokwenda kula, mpiga pasi aligeuza kikapu, akakikalia, akafuata ile karatasi. Hakutaka kuwashukuru walezi kwa jumla kama anayehutubia mkutano. Alitaka kujua nani alisema nini. Akafungua maoni ya sehemu ya mwisho, na la juu kabisa lilisema hivi:

"Mama Pasi, nakupenda, lakini naomba kujua ni hospitali gani inayoruhusu watu arobaini kukaa nje ya wodi siku tatu, wanapika kwa masufuria makubwa, kwa ajili ya mgonjwa mmoja aliyevunjika mguu."

Akasoma tena. Katika hadithi yake hapakuwa na hospitali. Dereva alikuwa amekufa. Alimuua mwenyewe kwenye sehemu ya arobaini, siku ya Jumanne, juu ya mapazia ya buluu ya chumba namba tisa, na alilia mpaka mapazia yakabidi yapigwe pasi upya. Wale watu arobaini walikuwa wamekuja msibani.

Chini yake mwingine alijibu kwamba Dereva ana ndugu wengi, watu waache choyo. Na mwingine, mwanamke, aliandika: "Ile ajali niliisoma nimefumba jicho moja. Asante Mama Pasi kwa kutomuua. Mume wangu yuko safarini tangu mwezi uliopita."

Akapanda mpaka sehemu ya arobaini, akasoma kazi yake kwa mara ya kwanza. Yote yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, mpaka pale lori lilipopinduka. Hapo ukatokea mkono asioujua, ukamvuta Dereva nje kupitia dirishani. Kuanzia hapo kila kitu kiligeuzwa kama fulana iliyovaliwa nje ndani. Jeneza likawa kitanda. Marehemu akawa mgonjwa. Hotuba ya kumuaga ikawa ya kumtakia nafuu. Wachimba kaburi walikuwa sasa wanachimba choo kipya cha hospitali. Na mjomba aliyezimia kaburini alizimia vilevile, safari hii mbele ya dirisha la dawa.

Akacheka peke yake, mpaka kikapu kikalia.

Halafu akakumbuka kiapo. Mwaka wa kwanza mtu mmoja alieneza kwamba hadithi imeibwa, kwamba mpiga pasi hawezi kutunga hivyo. Yeye alitamka kiapo, wifi akakichapa, na bado kilikuwepo juu kabisa ya ukurasa: hakuna jambo katika hadithi hii lisilotoka kinywani mwangu. Walezi sitini na watatu walikuja kwa neno hilo. Sasa kwa wiki nne lilikuwa uongo. Akisema kweli, walezi wataondoka na wifi ataaibika mbele yao wote. Akinyamaza, atakuwa anapokea shukrani za kazi isiyo yake. Na yule mama mwenye mume safarini, amshukuru kwa lipi?

Akaaga kwa msimamizi. Akafika getini, akarudi kuangalia pasi. Akafika tena getini, akarudi tena. Mara ya tatu mlinzi alimshika kiwiko kwa upole, akamtoa nje.

Wifi alimwona usoni kabla hajasalimiwa. Akawatangazia wateja kwamba mashine imechemka, wampe dakika kumi, akamvuta nyuma ya rafu ya karatasi.

Njiani mpiga pasi alikuwa amepanga maneno makali, yote yamenyooka. Lililotoka likawa jingine.

"Wifi, umewapeleka wachimba kaburi wakachimbe choo."

"Ningewapeleka wapi? Walikuwa na majembe mkononi."

Kidogo wacheke. Hawakucheka. Wifi alisema kwamba mara ya kwanza aliichapa sawasawa. Alifika penye lori, akafika penye neno lenyewe, vidole vikagoma. Akaenda akanywa maji, akarudi, vikagoma tena.

"Neno hilo nilishalichapa mara moja," alisema. "Lile tangazo la kifo cha kaka niliandika mimi, wifi. Kwenye mashine hii hii. Nikatoa nakala mia mbili, nikawa nazipanga, kila nakala uso wake unaniangalia. Sikuweza mara ya pili."

Mpiga pasi alisimama na mkono wake juu ya rafu. Miaka minne iliyopita matangazo yale yalikuwa kila ukuta, na yeye, mtu wa kuona kila kitu, hakuwahi kujiuliza yalichapwa na nani. Alijua tu kwamba yalikuwepo, kama vile maji ya kunawa yalivyokuwepo na watoto walivyokuwa wameshalishwa. Kuna mtu alifanya yote hayo. Alikuwa amesimama mbele yake, amevaa aproni yenye wino.

Akajaribu kusema kwamba Dereva wa hadithini si lazima awe marehemu mumewe, ni dereva tu.

"Anatafuta soksi akiwa amezivaa," wifi alisema. "Anakula na kofia kichwani. Unamdanganya nani? Nilimjua sehemu ya pili."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Kila Ijumaa nilitaka. Nikaona bora usome, ndiyo maana salamu nikakukatalia." Wifi akanyoosha rundo la karatasi lililokuwa limenyooka tayari. "Ukinifukuza, sawa. Lakini kama unamuua tena, tafuta mkono mwingine wa kuchapa."

Ndipo mpiga pasi akasema jambo ambalo hata yeye alikuwa halijui mpaka lilipomtoka. Alisema kwamba hakumuua Dereva kwa kupenda. Alimuua kwa sababu hajui anarudije nyumbani. Miaka minne sikio lake liko barabarani, linasikiliza lori la mumewe. Lori lisilofika analifahamu mpaka mlio wake. Lakini mume anayefika, akavua viatu, akauliza kuna nini cha kula, kila akifika hapo mdomo unakauka.

"Mimi najua anarudije," wifi alisema. "Utotoni, akitumwa dukani alikuwa haji kwa mlango wa mbele. Anazunguka nyuma, anabisha dirisha la jikoni, anaomba chumvi kwa sauti ya yule jirani yetu mwenye mafua ya kudumu. Mama anampimia chumvi kila siku. Kila siku, wifi. Anafungua dirisha, anakuta ni yeye."

Mpiga pasi hakuwahi kulisikia hilo. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka kumi na minane.

Wateja wakaanza kuuliza kama mashine imepoa. Wakakubaliana haraka: walezi wataambiwa. Mpiga pasi alisema hatamtaja. Wifi akasema amtaje, tena kwa herufi kubwa. Miaka mitatu anachapa bure bila hata kutajwa, na leo amepata kosa la kumtoa gizani.

Ijumaa asubuhi, kwenye meza ya pasi, kwa kidole kimoja, mpiga pasi aliandika:

"Walezi wangu, mwaka umeisha na bado mko hapa. Nawashukuru. Mtoto wangu anaona ubaoni kwa sababu yenu. Sasa nisikilizeni. Niliwaambia kila jambo humu linatoka kinywani mwangu. Tangu sehemu ya arobaini si kweli. Mimi nilimuua Dereva. Wifi yangu, ambaye huchapa hadithi hii tangu siku ya kwanza, hakuweza kuandika kifo hicho, akamtoa kwenye lori bila kuniambia. Ana sababu, na sababu hiyo naiheshimu. Wale watu arobaini walikuwa waombolezaji, ndiyo maana wana masufuria. Anayeona nimemdanganya aondoke kwa amani, na shukrani zangu aende nazo. Yule mama aliyenishukuru kwa kutomuua Dereva, shukrani yako nimeifikisha kwa mwenyewe. Dereva hatakufa. Kiapo cha juu nimekiondoa. Wifi yangu anaitwa WIFI, mkitaka kumsalimu."

Akabonyeza, akatupa simu ndani ya kikapu cha foronya kama kitu cha moto. Siku nzima hakuigusa. Jioni aliikagua kwa jicho moja. Walezi wawili walikuwa wameondoka, na aliwasikitikia wawili hao kuliko alivyowafurahia sitini na mmoja, maana ndivyo alivyoumbwa. Yule wa hospitali alikuwa ameandika: "Nilijua! Masufuria yale nilikuwa nayatilia shaka." Yule mama wa safarini alikuwa na neno moja tu kwa wifi, asante, na chini yake watu walikuwa wamelirudia moja baada ya jingine mpaka mpiga pasi akachoka kushuka.

Jumatano, saa ya chakula, wifi alikuja chumba cha pasi na aproni yake ya wino, akaangalia milima ya shuka, akasema kumbe ukewenza wenyewe ni huu. Mpiga pasi alisukuma kikapu akalie, akachukua simu rafuni, akamshikisha.

"Sehemu hii utasema wewe. Mimi nipo hapa napiga pasi."

Wifi alikohoa, akalalamika kwamba sauti yake mbaya, akaambiwa vikohozi vitaondolewa na mchapaji. Akaanza. Alianza vibaya, akarudi, akaanza tena. Mke wa Dereva yuko jikoni. Giza halijaingia. Dirishani mtu anabisha, anaomba chumvi. Na wifi akaitoa ile sauti ya jirani mwenye mafua, imeziba puani, inaomba radhi kwa usumbufu, chumvi kidogo tu, mama, hata nusu kijiko.

Mpiga pasi alisikiliza. Alimwona mke anachukua kopo. Alimwona anafungua dirisha. Wote wawili walisikia harufu kwa wakati mmoja, lakini wifi aliendelea kusimulia mpaka mwisho, akazima kurekodi.

Pasi ilikuwa imeacha alama yake katikati ya shuka ya chumba namba tisa, kahawia, imechongoka mbele. Ilikuwa shuka ya kwanza kuungua mkononi mwake tangu aajiriwe. Msimamizi aliiangalia, akamwangalia yeye, akaenda zake. Wifi aliishika pembe moja, mpiga pasi nyingine, wakaikata penye uzima. Ikatoa foronya mbili.

Jioni hiyo alirudi kuangalia pasi mara nne.